Mtoto wa Tarehe Mosi

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe nne ya mwezi wa nane, siku ya kwanza ya kuandikisha watoto wa darasa la awali, mbele ya meza iliyokuwa na mguu mmoja umefungwa kwa kamba. Watu walikuwa wamepanga foleni tangu jua halijatoka, na foleni yenyewe ilipita mbele ya vyoo vya shule, kwa sababu aliyeamua ipite pale hakuwa na mpango wa kusimama ndani yake. Wakubwa wa shule walifika jua limeshapanda, wakanywa chai, wakaitana kikaoni, na wazazi wakaendelea kuvuta harufu ile kimya kimya, kila mmoja akijifanya haisikii.

Katikati ya foleni alikuwepo fundi makochi, mama mkwe wake, na binti yake mdogo. Binti huyo walishazoea kumwita Kitufe, kwa kuwa tangu uchanga wake alikuwa wa duara na mwenye vishimo mashavuni, kama vile vitufe vya kitambaa vinavyobonyezwa kwenye mgongo wa kochi. Siku hiyo alivaa gauni lililopigwa pasi mpaka likang'aa mabegani, na viatu ambavyo bibi alivipaka mafuta ya kupikia kwa sababu dawa ya viatu ilikuwa imekwisha. Vumbi la uwanja lilivishika viatu vile likaganda. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, aliendelea kuvisifia tu kwamba vinameremeta.

Mwalimu wa awali alikuwa msichana mwenye mafua. Alipokea cheti cha kuzaliwa, akaingiza tarehe kwenye kishikwambi chake, akasubiri, akaingiza tena. Kioo kikawa chekundu.

"Mtoto huyu kachelewa siku moja," alisema. "Anatakiwa awe ametimiza miaka minne kufikia tarehe thelathini, mwezi wa sita. Yeye ni wa tarehe mosi, mwezi wa saba."

"Lakini miaka minne anayo," fundi alisema. "Ametimiza mwezi uliopita."

"Najua, baba. Ila siku ile hakuwa nayo."

"Siku ipi?"

"Siku iliyopangwa."

"Na aliyeipanga ni nani?"

Mwalimu alipenga kamasi, akakunja kitambaa chake. "Imepangwa huko juu."

Huko juu. Ndiko zinakotoka tarehe, tozo, semina na matangazo, na hakuna mtu wa foleni ile aliyewahi kuonyeshwa ngazi ya kupandia. Fundi aligeuka kumtazama mama mkwe wake, na mama mkwe akawa anatazama chini, pale vilipokuwa viatu vya mjukuu wake. Wote wawili walijua.

Kitufe hakuzaliwa tarehe mosi. Alizaliwa tarehe thelathini, jua likizama, katika hospitali ambayo gari lake la wagonjwa lilikuwa limepandishwa juu ya matofali. Mama yake alivuja damu palepale kitandani, huku muuguzi mmoja akikimbia kati ya wodi mbili akimtafuta daktari aliyekuwa kwenye semina. Giza lilipoingia mtoto alikuwa amebaki na baba na bibi. Kesho yake muuguzi yuleyule alipokuja na karatasi za kujaza, bibi alimshika mkono akamwomba kitu kimoja, asimwandike mtoto siku ile. Siku ile ilikuwa na msiba wake tayari, na mtoto akipewa hiyohiyo, kila mwaka atafurahia juu ya kaburi. Muuguzi alitazama mlangoni, akaandika tarehe mosi. Fundi alikuwepo, akaitikia kwa kichwa. Katika jengo lile lote, hilo ndilo jambo pekee la huruma walilotendewa, na kwa miaka minne halikuwagharimu chochote.

"Sisi zamani tulipimwa kwa sikio," bibi alisema ghafla. "Ukilishika, umekua."

Kitufe hakungoja kuambiwa. Aliupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akalikamata sikio la kushoto, akalivuta kabisa kama mtu anayelitaka litoke. Foleni ikacheka. Mzazi mmoja akasema huyo wampeleke jeshini moja kwa moja. Hata mwalimu alitabasamu kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba mashine haijui habari za masikio.

Kicheko kilimtoa mwalimu mkuu ofisini. Alikuwa mtu mnene, mwenye njiti ya kiberiti mdomoni, na alipokuwa akisikiliza shida za watu alikuwa na tabia ya kujichokoa sikio kwa ufunguo wa gari, akautazama umetoa nini, akaufuta kwenye suruali. Aliieleza foleni nzima, si fundi peke yake, kwamba mtoto akiwahishwa shule akili yake huchoka. Wataalamu wamefanya utafiti. Kisha akasema wazazi wa watoto waliochelewa kidogo wasilie, njia zipo. Wanaweza kusubiri mwakani. Wenye uwezo wanaweza kwenda ile shule ya kulipia nyuma ya kituo cha mafuta. Na kwa wale wengine, serikali inawapenda, imewajengea kituo cha malezi pale karibu na soko.

Hakuna aliyemcheka, ingawa wote walikijua hicho kituo. Kilifunguliwa mwaka uliopita na mkubwa mmoja aliyekata utepe kwa mkasi mpya, akapigwa picha amembeba mtoto aliyekuwa akimlilia mama yake. Tangu siku hiyo mlango una kufuli. Ukichungulia dirishani utaona mifuko ya saruji ya mtu ambaye hakuna anayemtaja, na bembea moja iliyofungwa nailoni bado.

* * *

Fundi hakutaka shule ili mtoto wake aje kuwa daktari. Hayo ni maneno ya wenye nafasi. Alitaka mahali.

Karakana alikofanya kazi ilikuwa na mashine ya upepo ya kupigia pini za makochi, nayo iliungua zamani, na Bosi kila akiulizwa anasema fundi wa kuitengeneza anakuja. Kwa hiyo mafundi walirudia kazi ya kizamani. Unachota misumari midogo, unaijaza mdomoni, unaigeuza kwa ulimi mmoja mmoja mpaka kichwa kitangulie, nyundo yenye sumaku inaudaka midomoni, unapiga. Fundi mzuri hatazami. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unapiga, na mdomo ndio mfuko.

Kitufe alikuwa akiyatazama haya kila siku, amekaa juu ya lundo la vipande vya sponji. Siku moja baba yake aliona shavu lake limevimba, akadhani ni pipi. Alipomwambia apanue mdomo, alikuta misumari imelala chini ya ulimi. Mtoto aliitema mmoja mmoja kiganjani mwa baba, vichwa mbele, kama alivyoona inafanywa, na alikuwa anajivuna. Fundi aliihesabu mara mbili, kisha akampanua mdomo tena. Tangu hapo akawa anaweka misumari kwenye kifuniko cha kopo, anainama kuuchukua kila mmoja kwa vidole. Wenzake walimaliza kochi yeye akiwa bado kwenye mgongo wa lake, na malipo pale ni kwa kochi.

Bosi alivumilia, kisha akachoka kuvumilia. Alimwambia kwamba pale ni karakana, si chekechea, na mwezi ukiisha asimwone mtoto.

Na nyumbani napo hapakuwa nyumbani tena. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na hospitali walimwambia asubiri yaive vizuri ndipo watayatoa, kana kwamba ni ndizi. Mwezi uliopita alimmiminia mjukuu wake kikombe cha maji akampa, na mtoto akakinusa akakirudisha. "Bibi, haya yananuka," alisema. Ilikuwa dawa ya kung'arishia nguo. Bibi alikimwaga nje, akaosha kikombe mara nyingi kupita kiasi, na fundi aliporudi akamwambia mwenyewe, kwa sauti kavu, kwamba mtoto asiachwe naye peke yake.

Ndiyo hivyo. Darasa la awali lilikuwa la bure, lilikuwa karibu, na ukiacha vile vyoo, lilikuwa mahali pekee ambapo Kitufe angekaa asubuhi nzima bila kitu cha kumuua.

Jioni ya Jumatatu ile majirani walishapata habari. Muuza mkaa wa nyumba ya pili alipita kutoa pole kama ya msiba, akamfinya Kitufe shavu. "Kumbe wewe ndiye uliyechelewa," alimwambia. "Ulikuwa unafanya nini huko, mvivu wewe?" Kitufe alisema hakuwa anafanya kitu. Watu wakacheka tena.

Mgeni alipoondoka, bibi alisema waende wakairekebishe tarehe.

"Watakuuliza maswali, mama," fundi alisema.

"Acha waulize."

"Watasema ulidanganya."

"Si nilidanganya?" Bibi alikuwa anachambua mchele kwa vidole, maana kwa macho haikuwezekana tena. "Wanifunge basi. Huko jela angalau kuna askari wa kunishika mkono kwenda chooni."

Kitufe, akisikia habari za chooni, alicheka mpaka akaanguka chali. Fundi hakucheka. Alikuwa anafikiria kwamba kwa miaka minne walikuwa wakilia tarehe thelathini, mlango umefungwa, na kesho yake wakinawa nyuso wakampikia mtoto, wakamwimbia. Mtoto hakuwahi kuuliza kwa nini macho ya wakubwa huwa mekundu siku yake.

* * *

Ofisi ya vizazi na vifo ilikuwa chumba kimoja chenye viti vya plastiki vilivyofungwa kwa mnyororo, ili raia wasiibe. Karani alikuwa anamenya yai la kuchemsha juu ya mafaili ya watu. Bibi alisimama mbele yake akisubiri kijana yule amwamkie. Kijana akaendelea kubandua maganda.

"Marahaba," bibi alisema hatimaye.

Nyuma yao watu waliguna na kucheka chini chini. Karani aliinua macho, akauliza shida. Fundi alianza kueleza kwa sauti ya chini, akiegemea mezani, na karani akamkatiza akataka aliyeomba tarehe ibadilishwe ndiye aseme.

"Kwa sauti, bibi. Mimi sina masikio ya popo."

Basi bibi akaeleza, kwa sauti, mbele ya watu waliokuja kutafuta vyeti vyao. Alieleza jua lilivyokuwa linazama, shuka lilivyokuwa, na jinsi binti yake alivyouliza kama ni wa kike. Karani alikuwa anabonyeza herufi kwa kidole kimoja, na kiini cha yai kilikuwa kimekauka kwenye kucha ya kidole hicho. Kitufe alikuwa ameketi juu ya miguu ya baba yake, ametulia mno. Hakuna aliyekumbuka kwamba anasikia.

"Marehemu alifariki kabla ya mtoto au baada ya mtoto?"

"Unaniuliza nini, mwanangu?"

"Fomu ndiyo inauliza. Kabla au baada?"

"Baada."

"Siku hiyohiyo?"

Bibi hakujibu. Kabla bibi hajajibu simu ya karani ikaita, akaipokea, na chumba kizima kikamsikiliza akizungumzia vigae vya bafu lake jipya. Hakutaka vyenye maua. Alitaka vya rangi ya maziwa, na fundi vigae akimletea vya maua atavirudisha kwa gharama zake. Bibi alibaki amesimama, mkono wake umeshika ukingo wa meza, mpaka vigae vikaisha.

"Siku hiyohiyo," alisema.

Karani alihesabia mahitaji kwenye vidole vyake. Barua ya hospitali. Kiapo cha mahakama. Tangazo gazetini. Maelezo ya muuguzi aliyeandika, kwa mkono wake mwenyewe. Fundi akasema muuguzi yule walisikia amekwenda kufanya kazi ng'ambo, kama wenzake wote waliochoka kukimbia kati ya wodi mbili. Karani akasema basi atafutwe ng'ambo. Kila kitu kikikamilika, cheti kipya kingetoka baada ya uandikishaji wa mwakani kufungwa. Na wajue kwamba wakishatia sahihi watakuwa wamekiri kosa la jinai, kwa hiyo wafikirie.

Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshiba, akawaonea huruma. "Hivi mmekuja huku kufanya nini? Mwalimu mkuu ana namba ya siri ya kuifungua ile mashine. Siku moja kwake ni nini? Nenda kaongee naye kiutu uzima." Akafuta maganda ya yai kwa kiganja, yakadondoka upande wao.

Njiani bibi alikuwa akishika bega la mkwewe ili asijikwae. Hakulia. Alisema tu kwamba miaka yote minne hajawahi kumsimulia mtu yeyote habari za lile shuka, hata dada yake wa tumbo moja, na leo amemsimulia mtu anayekula yai.

* * *

Mwalimu mkuu alimpokea fundi vizuri. Alimkaribisha kochi, na fundi alipokaa springi ikamchoma. Ofisini mle mlikuwa na seti nzima, zawadi ya wazazi wa miaka ya nyuma, imepasuka, imezama, ina mabaka ya chai. Mwalimu mkuu alichokoa sikio lake akasema sheria ni sheria, yeye hawezi kuikunja. Akautazama ufunguo. Akasema ila mtoto ana akili, ameona mwenyewe alivyolishika sikio. Kisha akapiga kofi mkono wa kochi, vumbi likatoka, akasikitika kwamba ofisi inayopokea wageni wakubwa iko katika hali ile, na bajeti hakuna.

Hakuomba kitu. Watu kama hao hawaombi. Wanakuachia neno hewani, unalidaka mwenyewe, ili baadaye isemwe ni wewe uliyejitolea.

Fundi alichukua kitambaa na sponji kwa Bosi, wakakubaliana akatwe kwenye makochi yajayo. Alifanya kazi Jumamosi na Jumapili, ofisini mwa shule, na Kitufe akimkabidhi vitufe kimoja kimoja. Alipoifungua ile seti tumbo, alikuta humo ndani maganda ya karanga, njiti za kiberiti zilizotafunwa, panya aliyekauka, na kucha za miguu, nyingi, nene, za njano, za mtu aliyekuwa akikaa pale saa za kazi akijikata kucha na kuzisukumia katikati ya mito. Fundi amefungua makochi ya kila namna maishani mwake, ya baa na ya nyumba za matanga, lakini hapo ilibidi atoke nje avute hewa. Na hewa ya nje ndiyo ile ya vyoo.

"Baba, kochi hili lilikula mtu?" Kitufe aliuliza.

"Lilikula watu wengi," fundi alisema.

Alilisafisha. Akafunga mikanda mipya, akarudisha springi, akavuta kitambaa mpaka kikalia kama ngoma. Kazi ile hakuifanya kwa hasira, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Mkono ulikataa kufanya vibaya. Mwalimu mkuu alikuja Jumapili jioni akaketi, akarukaruka kidogo kama mtoto, akasema safi sana. Akamgusa Kitufe kichwani. "Jumatatu mlete," alisema. "Aje na daftari."

Bibi alimshonea mkoba kwa kipande cha kitambaa kilekile kilichobaki, akishona kwa kupapasa, akijichoma, akinyonya kidole. Jumatatu walikwenda wote watatu. Viatu safari hii vilipakwa dawa, muuza mkaa alikuwa ametoa yake.

Mwalimu mwenye mafua alitafuta jina kwenye kishikwambi. Akatafuta tena. Hakuweza kuwatazama.

"Halipo," alisema. "Orodha imefungwa Ijumaa."

Kutoka pale mlangoni darasa lilionekana lote. Kwenye dawati la mbele kulikuwa na mtoto mnono aliyelala fofofo, chupa yenye chuchu ikiwa bado mdomoni, na suruali yake imetuna kwa nepi. Fundi alimuuliza mwalimu yule ni wa tarehe ngapi. Mwalimu akasema, kwa sauti ambayo karibu haikusikika, kwamba huyo mashine ilifunguliwa. Ni wa diwani.

Ofisini, mwalimu mkuu hakuona haya. Alieleza kwamba nafasi ya nyongeza ilikuwa moja, na alikuwa ameiweka, kweli kabisa, ameiweka kwa ajili ya fundi. Halafu simu ikapigwa. Fundi ni mtu mzima, anaelewa simu ikipigwa. Mwakani Kitufe atakuwa namba moja kwenye orodha, na kwa kuwa atakuwa mkubwa kuliko wenzake, atawaongoza darasani, hiyo nayo ni faida. Kuhusu makochi, shule inashukuru, itamwandikia barua ya shukrani.

Diwani mwenyewe alikuwepo, ameegemea ile seti mpya, akipapasa vitufe kwa kidole gumba. Akamsifu fundi kwamba ana mkono mzuri, aje na nyumbani kwake siku moja. Fundi alisema asante. Neno hilo lilimtoka lenyewe, na usiku na mchana wa siku zilizofuata lilimrudia likamchefua kuliko zile kucha.

Bibi ndiye aliyesogea. Alikwenda kwa kupapasa mpaka goti lake likagusa kochi, akainama karibu na uso wa mkubwa yule kama anayetaka kumwona vizuri.

"Kaa sawasawa, baba," alisema. "Hapo umemkalia mjukuu wangu."

Diwani alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mwalimu mkuu akasema wazee wakifika umri ule husamehewa. Akawafungulia mlango.

* * *

Bosi alikubali mtoto akae karakana kwa sharti kwamba asitembee. Kwa hiyo fundi alichukua mkanda wa kochi, ule mpana, laini, usiokata ngozi, akamfunga binti yake kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza ya kazi. Alipima mwenyewe urefu, afike kwenye sponji na kwenye kopo la maji, asifike kwenye misumari. Wenzake waliona. Mmoja alitaka kutania, akageukia nyundo yake.

Kitufe hakulia. Alikuwa na mkoba wake wa kitambaa cha mwalimu mkuu, na ndani yake daftari ambalo halikuwa limeandikwa kitu. Alijitengenezea mtoto wa sponji, akamsimamisha mbele ya kipande cha ubao, akaanza kumhoji. Baba yake alikuwa ameinama juu ya kiti, anaokota msumari kwenye kifuniko, anapiga, anaokota mwingine.

"Kwa sauti," Kitufe alimwambia mtoto wa sponji. "Kabla au baada?"

Nyundo ikasimama.

"Umechelewa siku moja," aliendelea, na sauti ilikuwa ya yule mwalimu, hata kupenga kamasi alipenga. "Huingii."

Fundi alipiga msumari ambao ulikuwa umeshazama. Nje ya karakana gari la matangazo lilipita likiwakumbusha wananchi kwamba elimu ni haki ya kila mtoto, na wasikubali kurubuniwa. Lilipita polepole, likazunguka, likapita tena.

"Baba."

"Naam."

Kitufe alikuwa amesimama, mkanda umenyooka mpaka mwisho wake. Hakuwa na huzuni usoni. Alikuwa anataka kujua tu, kama anavyotaka kujua vitu vingine.

"Mimi nilichelewa, ndiyo maana mama akafa?"

Fundi alitazama kifuniko cha kopo. Akachota misumari, kiganja kizima, akaijaza mdomoni kama zamani, akageukia kazi, akaanza kupiga bila kutazama. Alimaliza upande mmoja wa kiti. Akazunguka, akamaliza wa pili, na mtoto alikuwa bado amesimama palepale mwisho wa mkanda, ameshika sikio lake la kushoto kwa mkono wa kulia, akimngoja ateme misumari.

"Eti baba? Nilichelewa siku moja, ndiyo mama akafa?"